Askari Aliyemwacha Koko

Wiki iliyopita nilipeleka baiskeli ya mwanangu kwa fundi izibwe pancha. Fundi alipofungua kikopo cha gundi, harufu yake ilinifika kooni kabla sijajiandaa, harufu kali yenye utamu fulani ndani yake, na mara nikawa Nyamityobora tena, mtaa wa mji wa Mbarara. Nilikuwa mtoto wa miaka kama tisa, nimeshika pindo la kitenge cha Koko, namtazama mzee mmoja akisugua mpira wa baiskeli kwa msasa. Na nilikuwa na hakika kabisa kwamba mzee yule ameua watu.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yangu, mama yake Mama. Nyumbani tulikuwa watatu tu, yeye, Mama na mimi. Baba alifia njiani tulipokimbia kutoka Kivu ya Kusini, kule Kongo, na mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama, kwa hiyo simkumbuki hata sauti. Tuliishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Rubondo, katika nyumba ya udongo yenye turubai juu, na nyuma yake shamba la maharage.

Ninyi mliokulia kule miaka ile mnajua tulivyolelewa. Tulifundishwa kutosema jina la ukoo mbele ya mtu tusiyemjua. Mtu akiuliza unatoka kijiji gani, unataja kijiji cha jirani. Bombani walipanga foleni waliokimbia pamoja na wale waliowakimbiza, na hakuna aliyejua kwa uhakika nani ni nani. Kila baada ya muda ulivuma mnong'ono kwamba fulani, yule anayeuza chumvi, ametambuliwa, na kesho yake ungekuta mlango wake umefungwa kwa waya na yeye hayupo. Sisi watoto tulicheza mchezo wa kutambuana. Mmoja anajificha uso, wengine wanamzunguka, halafu mmoja anapaza sauti: "Ni yeye!" Sijui kama kuna watoto wengine duniani waliocheza mchezo huo.

Likizo zilipofika, Koko alinichukua kwenda naye Mbarara kuuza maharage. Tulipanda lori la mahindi, tukipita Kaberebere vumbi likitufuata, na tulipofika mjini tulitandika gunia kwenye kisoko kimoja kidogo cha Nyamityobora. Mimi nilihitajika kwa sababu Koko hakujua Kinyankore, na watu wengi wa pale hawakupenda kusikia Kiswahili. Kwao ilikuwa lugha ya askari na ya wezi. Mimi nilikuwa nimekiokota Kinyankore shuleni na kisimani, na Kiingereza kidogo pia.

Siku hiyo mtu mmoja alipita akiburuta baiskeli, akaita kwa sauti, "Mukongo! Mukongo, we!" Koko aligeuka akidhani anaitwa yeye, maana hivyo ndivyo walivyotuita sisi sote. Lakini aliyeinua kichwa alikuwa fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara, Mnyankore wa miaka kama sitini, mwenye kofia ya sufu na mikono myeusi kwa gundi.

Koko aliacha kupima maharage. Mteja alisimama na mfuko wake wazi, akaondoka, na Koko hata hakumwona.

"Angalia ile uso," aliniambia polepole. "Angalia namna anakunja paji. Uone mwenyewe."

Nilitazama. Niliona mzee anayekunja uso kwa sababu ya jua. Lakini jioni, juu ya lori, tulipopita Kaberebere, Koko alisema kama anayezungumza na magunia, "Ule mutu alituuaka. Miye na mama yangu, alituua sisi bote."

Mtoto wa Nakivale akisikia hivyo, ataelewa nini? Nilielewa kwamba Koko amemtambua mmoja wao. Sikumuuliza namna gani mtu anaweza kuuawa na bado akawa anauza maharage. Nilijua tu kwamba muuaji yuko Nyamityobora, amevaa kofia ya sufu, na kwamba si vizuri kumwambia Mama, kwa sababu mambo ya namna hiyo hayasemwi nyumbani. Nilianza kulala nimejifunika kichwa.

Tulirudi tena na tena likizo ile. Kila mara Koko alitandika gunia karibu zaidi na kibanda cha mzee yule, na kila mara harufu ya gundi ilinifikia kabla sijamwona. Siku moja aliniita, akanipa hindi la kuchemsha, la moto, limefungwa kwenye ganda lake. Nilipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikasema asante, nikaenda nyuma ya kibanda cha mkaa na kulitupa mtaroni. Kisha nikachungulia kuona kama kuku atalila na kufa. Kuku alilila, akaendelea na shughuli zake. Nikajiambia sumu ya watu huwa haiwahangaishi kuku.

Halafu Koko akaamua kusema naye. Aliinuka tu, akavuka barabara, akasimama mbele yake na kivuli chake kikaangukia gurudumu.

"Muzee, baba yako ni nani?"

Mzee alicheka. Kiswahili alikijua, kile cha kambi za jeshi ambacho wazee wengi wa kule walikuwa nacho. "Mama, wewe nataka nini na baba yangu? Hiyo mzee alikufa zamani."

"Alikuwa askari?"

"Ndiyo. Askari ya Mwingereza. Alipigana, alirudi."

"Na jina ya Mukongo, aliipataka wapi?"

"Watu aliita yeye hivyo, juu alikaa na Wakongo jeshini. Mimi pia naita hivyo, juu ya yeye." Alikuwa ameacha kucheka. "Kwa nini nauliza?"

Koko alivuta pumzi. Nilishika kitenge chake nikingoja apige yowe, watu waje, mzee akamatwe. Badala yake akasema, kwa sauti iliyokuwa karibu ya upole, "Baba yako ni baba yangu. Aliachaka mama yangu kule Kaziba, akakuja kuzaa huku. Weye ni ndugu yangu."

Sikuweza kuunganisha mambo yale. Muuaji alikuwa nani sasa? Mzee naye aliuweka chini mpira wa baiskeli. Na wakati huohuo alikuwa amefika mwanamke mmoja amebeba chakula kwenye kikapu, amevaa sketi ya ofisini na viatu vya kisigino. Alikuwa binti wa yule mzee, jina lake Peninah. Alitaka kujua kuna nini, na baba yake akamweleza kwa Kinyankore, na uso wake ukakunjika.

"Wamepewa ardhi Nakivale," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "wamepewa mahema, wamepewa unga. Sasa wanataka na kiwanja cha baba yangu cha hapa. Wanajifanya ndugu!"

Watu walikusanyika. Muuza mkaa alisema amekuwa akituona tukisogea kila wiki, kumbe tulikuwa tunapima kiwanja. Koko aliniuliza wanasema nini. Nilimwambia. Tulikunja gunia tukaondoka.

Njiani kurudi alinieleza yote, labda kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Baba yake aliitwa Birindwa. Yeye Koko akiwa bado anatambaa, Birindwa alikimbia kazi za kulazimishwa za Wabelgiji, akavuka mpaka kutafuta pesa za kodi Uganda, kama vijana wengi wa wakati ule. Kisha habari zikaja kwamba ameandikwa askari wa Waingereza. Kisha wanaume waliokuwa wakirudi wakasema anakula vizuri, ameoa Mbarara, amesema wasimngojee. Mama yake alimngojea hata hivyo. Wanawake wenzake walimwimbia kisimani nyimbo za kumcheka. Alikufa akiitwa yule aliyeachwa, na Koko alikua akiitwa mtoto wa yule aliyeachwa. Ndivyo alivyokuwa amewaua. Uso wa Birindwa hakuukumbuka, lakini mama yake alimwambia kila mara kwamba anakunja paji kama baba yake, na fundi yule alilikunja vilevile.

"Na sasa vita inatuleta fasi ileile yeye alikimbiliaka," alisema. "Nyumba yake iko karibu na sisi, na batu banasema miye ni mwizi."

Mama aliposikia alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Aliogopa. Tulikuwa tunangoja kuitwa kwa mahojiano ya kupelekwa ng'ambo, na watu walisema ofisi ya wakimbizi ina masikio kila mahali.

"Mama, unataka bafikiri sisi ni ba Uganda?" alimwambia Koko. "Bakisikia uko na ndugu Mbarara, batatutosha, batafuta majina yetu. Batasema tulidanganya. Acha ule muzee."

"Nimeshaacha," Koko alisema. Hakuwa ameacha.

Haikupita muda mrefu, dalali aliyenunua maharage yetu alileta ujumbe. Peninah anataka kumwona yule bibi, aje anapofanya kazi, Kamukuzi. Koko alisema ni mtego. Alivaa kitenge chake cha kanisani akaenda mtegoni, na mimi nikaenda naye.

Peninah alifanya kazi kwenye chumba kidogo cha kupiga chapa na intaneti, chini ya kilima chenye ofisi za serikali. Kulikuwa na viti, lakini hakutuambia tukae. Alisema, nami nikatafsiri, kwamba Waingereza waliwaandika askari wao wote waliokufa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hata Waafrika, na kwamba kumbukumbu hizo zimehifadhiwa na siku hizi mtu anaweza kuzitafuta kwenye kompyuta. Babu yake mwenyewe alirudi akiwa mzima, akafia kitandani kwake, kwa hiyo hatakuwemo. Kama baba yake Koko yumo, basi ni watu wawili tofauti, na maneno yaishe.

"Mwulize jina la baba yake. Na kijiji."

Koko alitaja. Peninah aliandika kwenye mashine, akatikisa kichwa. Akajaribu tena akibadilisha herufi, akiweka l mahali pa r, kwa sababu, alisema, karani Mwingereza aliandika alichosikia. Nilitazama majina ya wafu yakipanda kwenye kioo, mengi mno, na nikafikiri mashine ile ndiyo inayowaua, kwamba ikiliona jina lako tu umekwisha. Nilimwomba Mungu isilione la Koko.

"Na mama yake aliitwa nani?"

Koko hakusita. "Mariya."

Nilifungua mdomo. Mama yake Koko aliitwa Nabintu, nilikuwa nimeambiwa siku ile juu ya lori. Kabla sijasema kitu, vidole vyake vilinibana mkononi, nikatafsiri "Mariya" kama nilivyosikia. Nilidhani uzee umeanza kumpotezea majina. Nje ndipo aliponong'ona, "Ule mwanamuke anataka kutushinda. Hapana kumupatia kila kitu." Peninah naye alikuwa ametuambia twende tu, ataandika barua kuuliza, na usoni mwake nilisoma kwamba anatuona waongo.

Msimu wa mvua ulipita. Shule ilifunguliwa. Hatukwenda tena Nyamityobora, Koko alituma maharage kwa dalali. Nilianza kumsahau yule mzee, isipokuwa usiku nilipokuwa na homa.

Kisha asubuhi moja gari dogo liliingia kijijini kwetu, likasimama, na watu wote wakatoka milangoni, maana gari halikuja bure. Wengine walisema ni watu wa ofisi. Wengine wakasema polisi. Niliona akina mama wakiita watoto ndani. Akashuka Peninah, ameshika bahasha, na nyuma yake baba yake na kofia yake ya sufu.

Mama aliweka kiti na mkeka. Hakuna aliyekaa. Peninah alitoa karatasi, akasema nitafsiri vizuri, nisiruke neno.

"Huyu Birindwa ameandikwa," alianza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi. "Wameliandika jina vibaya, lakini ni yeye, wa Kaziba, Kongo ya Wabelgiji. Alikufa kabla baba yangu hajazaliwa. Kwa hiyo hawezi kuwa baba yake. Basi."

Nilitafsiri. Nilifika kwenye neno "alikufa" na nikalisema kama maneno mengine, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufikia mwisho.

Koko aliisukuma karatasi ile kando. "Bongo, uongo mutupu," alisema. "Hiyo unaandika weye mwenyewe ju ya kiwanja yenu. Karatasi, hata miye niko nayo. Yangu inasema nilizaliwa siku ya kwanza ya mwaka, na hakuna mutu alikuwa pale."

Ilikuwa kweli. Wote kijijini tulikuwa tumeandikwa kuzaliwa siku hiyo moja, ili mistari ya fomu ijae. Jirani mmoja alicheka. Peninah hakungoja tafsiri, alielewa kwa sauti tu kwamba anaitwa mwongo. Akaendelea kusoma, haraka, kwa hasira. Alifia hospitali ya jeshi huko Jinja, kwa ugonjwa wa mapafu, hata hajamaliza mafunzo, hata hajavuka kwenda vitani. Wamemzika hukohuko. Ndugu wa kuarifiwa ni mke wake.

"Nabinto," alisoma. "Nabinto wa Kaziba."

Hilo halikuhitaji mkalimani. Koko aligeuka, si kwa Peninah bali kwangu, na macho yake yalinitisha kuliko mzee wa baiskeli alivyowahi kunitisha.

"Weye ndiye ulimuambia?"

"Hapana, Koko."

"Semesha kweli."

"Hapana, Koko! Nilisema Mariya. Weye ulisema Mariya, nikasema Mariya."

Peninah alituangalia mmoja baada ya mwingine. Alirudia jina lile, akauliza kama linamhusu mtu. Baba yake ndiye aliyeelewa kwanza. Alivua kofia, na nikaona ana upara na kovu dogo la utotoni, kichwa cha mtu wa kawaida.

"Mama," alisema, "sisi hapana jua hiyo jina. Walai. Hiyo jina imetoka kwa baba yako, yeye mwenyewe nasema kwa askari, hii ni mke yangu."

Koko akakaa chini, si kwenye kiti wala mkekani, kwenye vumbi tu. Alimwomba Peninah alisome tena. Peninah akachuchumaa mbele yake, sketi ya ofisini na yote, akasoma tena, taratibu safari hii, akionyesha kwa kidole mahali lilipoandikwa. Kisha akasema neno moja la Kinyankore, la pole, lile linalosemwa kwenye msiba. Nafikiri ndipo alipogundua kwamba alikuwa amesafiri kuleta habari ya kifo.

Kwa nini habari ile haikufika Kaziba, sijui hadi leo. Labda barua ilipotelea mpakani, kati ya Waingereza na Wabelgiji. Labda ilifika kwa chifu ikakaa. Lakini Koko aliwakumbuka wanaume waliosema ameoa Mbarara, na aliyelisema kwa nguvu kuliko wote alikuwa mdogo wake Birindwa, ambaye baadaye alilima shamba la kaka yake mpaka uzee. Koko alikuwa amekula kwake. Alikuwa amemlilia alipokufa. Tangu siku ile hakulitaja jina lake tena, wala hakumshutumu mbele yetu. Mimi ndiye ninayemshuku, na hayupo wa kuniambia kama ninakosea.

Jumamosi iliyofuata Koko alitangaza kilio. Mchungaji wetu alikuna kichwa, maana hakuwahi kusikia watu wakimlilia mtu aliyekufa kabla yeye mchungaji hajazaliwa, lakini alikuja. Majirani walikuja na kuni na maji, wengi kwa kutaka kujua. Walikaa wakinong'onezana kama ni kweli, au ni hila ya kuharakisha kesi yetu ya kwenda ng'ambo. Mama alitazama barabara kila mara, akiogopa watu wa ofisi. Mzee wa Nyamityobora alifika na mkungu wa matoke begani, akauweka chini bila maneno na kwenda kukaa na wanaume. Peninah alikaa na wanawake, miguu imenyooshwa, kichwa kimefungwa kitambaa. Koko hakulia. Alipokea pole za watu kama mtu anayepokea wageni, mkono kwa mkono, macho makavu.

Mchungaji aliposimama kuomba, aliuliza marehemu alikuwa na umri gani, maana ndivyo ilivyozoeleka kusemwa. Watu walimtazama Koko. Koko alinitazama mimi. Sisi wote tulikuwa tumemfikiria Birindwa kama mzee. Katika hadithi zote alikuwa mzee, mwenye ndevu, mwenye nyumba Mbarara, mwenye wake na ng'ombe, akinenepa mwaka hadi mwaka huku watu wake wakichekwa kisimani. Nilifungua karatasi aliyotuachia Peninah nikatafuta kwa kidole.

"Miaka makumi mbili na mbili," nilisoma.

"Rudilia," alisema Koko.

"Makumi mbili na mbili, Koko."

Alitazama vijana waliokuwa wamesimama kando ya moto wakichanja kuni, vijana wa kijiji chetu, wenye sauti zilizokuwa ndiyo kwanza zimekomaa, mmoja wao akivuta kaptula iliyomlegea kiunoni.

"Kumbe alikuwa mutoto," alisema Koko. "Ninamutukana maisha yangu yote, kumbe alikuwa mutoto tu."

Kisha bibi yangu alilia, kwa sauti ambayo sijaisikia tena, na wanawake wakamshika kutoka pande zote, Peninah akiwa wa kwanza. Alilia akisema "mutoto wangu, mutoto wangu." Nilikimbia kwenda kumshika mkono, nikidhani ananiita mimi.